Kampala ilivyofifia kwenye ramani ya gesi: uchambuzi wa kisa kimoja

Ramani iliyozua kisa hiki ilionyesha wastani wa dioksidi ya naitrojeni, gesi inayotoka kwenye moshi wa magari na kwenye moto, juu ya Uganda kwa miezi ya Desemba hadi Februari. Kampala ilikuwa na njano hafifu. Ziwa Viktoria, kusini mwa Entebbe, lilikuwa na njano inayokaribia hiyo hiyo. Huko juu, upande wa Gulu na kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, kulikuwa na mabaka ya rangi ya machungwa mahali ambapo hakuna mji wa kuyazaa. Data zilitoka kwenye kipimio cha TROPOMI kilichobebwa na setilaiti ya Sentinel-5P, na ramani ilikuwa njiani kwenda kwenye kikao cha mipango ya usafiri. Hoja ya kikao ilikuwa moja: je, paki za teksi za katikati ya jiji zihamishwe ili watu wapate hewa ya kuvuta?

Injinia wa ofisi ya mipango aliyeniletea hakuzunguka. "Dada, ramani hii inasema hewa ya mjini na ya ziwani ni moja. Tena watu wa Gulu wanavuta uchafu kutuzidi sisi wa Kampala. Nikiipeleka hivi, watasema teksi zibaki zilipo. Ni kweli, au kuna kitu kimeharibika?"

Hakuna kilichoharibika. Setilaiti ilipima vizuri, na faili zilipakuliwa kutoka mahali sahihi. Tatizo lilikuwa kwenye safari ya namba, kutoka kwenye nuru iliyopimwa angani hadi kwenye rangi iliyochorwa. Kati ya hapo na pale kuna makadirio kadhaa ambayo mtu anayepakua faili hayaoni asipoyatafuta, na kwa mji uliokaa ukingoni mwa ziwa kubwa, makadirio hayo yana uzito kuliko yalivyo nao kwa miji mingi. Ninakieleza kisa kwa urefu kwa sababu ramani za namna hii sasa zinachorwa kila mahali Afrika Mashariki, na maamuzi yanayohusu mapafu ya mama anayeuza ndizi pale paki yanaanza kuegemea juu yake.

Namba inavyopatikana

Sentinel-5P ilirushwa tarehe 13 Oktoba 2017. Inazunguka kwenye kimo cha kilomita 824 hivi na kufagia ukanda wenye upana wa kilomita 2,600, kiasi kwamba Uganda nzima inaweza kuingia katika pito moja. Kipimio hakishiki gesi. Kinatazama nuru ya jua iliyoteremka, ikagonga ardhi au hewa, ikarudi juu. Dioksidi ya naitrojeni hunyonya nuru ya buluu kwa mpangilio wake wa pekee, na kati ya nanomita 405 na 465 mpangilio huo unasomeka wazi. Kwa kupima jinsi nuru ilivyopungua kwa mpangilio huo tunapata kiasi cha gesi kwenye njia nzima ya mshazari ambayo nuru imepita. Hatua hii ni imara. Sina ugomvi nayo.

Baada yake zinakuja hatua mbili zinazotegemea modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga hewa. Ya kwanza ni kuondoa gesi iliyo kwenye stratosfia, tabaka la hewa la juu, kwa sababu hiyo haimgusi mtu anayepumua chini. Modeli iitwayo TM5-MP hukadiria sehemu hiyo, nayo hutolewa. Huku kwetu kutoa huko si jambo dogo. Umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji ya Nile, kule Nalubaale, Bujagali, Isimba na Karuma, kwa hiyo hatuna mitambo mikubwa ya makaa ya mawe kama ile ya nyanda za juu za Mpumalanga nchini Afrika Kusini, ambayo huonekana kutoka angani bila shida. Gesi yetu ya chini ni kidogo, na ile ya juu inaweza kulingana nayo au kuizidi. Ukikosea kidogo kwenye kutoa, kosa linakula sehemu kubwa ya kilichobaki.

Hatua ya pili ndiyo iliyoifanya Kampala ififie, nami nitairudia. Kiasi kilichobaki ni cha njia ya mshazari. Ili kipatikane kiasi cha wima, kutoka ardhini hadi mpaka wa troposfia, tabaka la hewa la chini tunamoishi, lazima kigawanywe kwa kigawanyi kinachotokana na pembe ya jua, mwakisiko wa ardhi, mawingu, na mgawanyo wa gesi kwa kimo: ngapi iko karibu na ardhi, ngapi iko juu. Mgawanyo huo setilaiti haiujui. Unaazimwa kutoka kwenye modeli.

Mawingu kwanza

Kabla ya kufika huko, niliangalia jambo rahisi zaidi. Kila pikseli kwenye faili ina alama ya ubora, qa_value, kutoka 0 hadi 1. Watengenezaji wa data wanashauri kuchukua zile zinazozidi 0.75 tu kwa matumizi ya kawaida ya dioksidi ya naitrojeni. Ramani ya injinia haikuchuja kitu.

Madhara yake ni makubwa kuliko mtu anavyodhani. Wingu zito likifunika mji, setilaiti inaona gesi iliyo juu ya wingu peke yake. Ile iliyo chini yake haionekani, lakini faili bado linatoa namba kamili, kwa sababu programu hujaza sehemu iliyofichwa kwa kutumia modeli. Yaani ukiweka wastani wa siku zote bila kuchuja, sehemu ya unachokichora si kipimo. Ni maoni ya modeli yaliyovaa nguo za kipimo.

Na Kampala ina mawingu kwa saa ile ile setilaiti inapopita. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo unatoka ziwani kuingia bara, na mawingu yanajengeka juu ya ardhi huku ziwa likibaki wazi. Usiku mambo yanageuka, na ngurumo zinahamia majini; wavuvi wa Ggaba na Kasenyi wanalijua hilo bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo baada ya kuchuja, ziwa lilibaki na siku nyingi na mji ukabaki na chache, tena zile za ukavu zaidi. Ndiyo maana sasa sitoi ramani ya gesi bila kuambatanisha ramani ya pili inayoonyesha kila kisanduku kimebeba siku ngapi. Ukiziweka pamoja, msomaji anaona mwenyewe pale ambapo wastani umesimama kwa mguu mmoja.

Upepo huo wa ziwani ulinipa pia sababu ya kuitilia shaka ile njano ya majini. Setilaiti hupita saa saba na nusu mchana kwa saa ya jua. Saa zetu za mkononi zinafuata nyuzi 45 mashariki wakati Kampala iko kwenye nyuzi 32.6, kwa hiyo kwa saa ya kawaida ni kama saa nane na dakika ishirini. Kwa saa hiyo upepo unausukuma moshi wa mji kuelekea bara, kaskazini. Maji ya kusini mwa Entebbe yalitakiwa kuwa safi kuliko ramani ilivyodai.

Mgawanyo ulioazimwa

Modeli ya TM5-MP, inayotoa mgawanyo wa gesi kwa kimo, inaigawa dunia katika visanduku vya nyuzi 1 kwa 1. Karibu na ikweta hicho ni kisanduku chenye upande wa kilomita 111 hivi, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Jiji la Kampala lina kilomita za mraba 189. Ni kama sehemu moja na nusu kwa mia ya kisanduku. Kinachobaki ni ziwa, mashamba ya kahawa na migomba, madimbwi ya mafunjo, barabara za vumbi. Modeli inachanganya vyote na kutoa mgawanyo mmoja ambao si wa mji wala si wa ziwa.

Kwa nini mgawanyo una uzito hivyo? Kwa sababu kipimio hakioni tabaka zote kwa usawa. Nuru ya buluu hutawanywa sana na hewa yenyewe, na ardhi yenye mimea huakisi sehemu ndogo tu ya buluu inayoifikia. Nuru nyingi inageuka na kurudi kabla ya kufika chini. Gesi iliyo kilomita tano juu huonekana vizuri. Gesi inayotoka kwenye bomba la teksi huonekana nusunusu. Programu inajua udhaifu huo na inaufidia, lakini inaufidia kwa kiwango ambacho modeli imesema gesi iko chini. Modeli ikisema ni kidogo, fidia nayo ni kidogo.

Faili la data limebeba, kwa kila pikseli, orodha ya vizidishi vya unyeti kwa tabaka 34 za modeli, yaani namba zinazosema kipimio kinaliona kila tabaka kwa kiasi gani. Orodha hiyo ndiyo iliyotuokoa, maana inaruhusu mtu kuutoa mgawanyo ulioazimwa na kuweka ulio bora bila kurudia uchakataji wote tangu mwanzo. Hesabu yake ni hii: unachukua mgawanyo mpya, unazidisha kila tabaka kwa kizidishi chake, unajumlisha, unagawanya kwa jumla ya mgawanyo mpya. Jibu hilo unalizidisha kwa kigawanyi cha zamani na kupata kigawanyi kipya.

Nilimfanyia injinia mfano wa tabaka mbili kwenye karatasi, namba zikiwa za kufundishia tu. Tuseme unyeti wa tabaka la chini ni 0.7 na wa juu ni 1.2. Modeli ya visanduku vikubwa inasema asilimia 40 ya gesi iko chini na 60 iko juu. Zidisha ujumlishe: 0.28 na 0.72, jumla 1. Ndivyo inavyotakiwa kuwa, kwa sababu vizidishi vimepimwa kwa mgawanyo huo huo wa zamani. Sasa chukua mgawanyo wa mjini, ambako magari yako chini na gesi haina muda wa kupanda: asilimia 80 chini, 20 juu. Unapata 0.56 na 0.24, jumla 0.80. Kigawanyi kimeshuka hadi asilimia 80 ya kilivyokuwa, kwa hiyo kiasi cha gesi kinapanda kwa robo nzima. Kisha chukua ziwa, asilimia 25 chini na 75 juu: 0.175 na 0.90, jumla 1.075. Huko kiasi kinashuka kwa asilimia 7 hivi.

Injinia alikaa akiitazama karatasi. "Kwa hiyo kosa ni moja, ila linatunyima sisi na kuliongezea ziwa."

Ndivyo hasa. Mgawanyo mmoja uliotandazwa juu ya mji na maji uliushusha mji na kuliinua ziwa kwa wakati mmoja, na tofauti tuliyokuwa tunaitafuta ikabanwa kutoka pande zote mbili.

Kuna mtego hapa unaonasa watu wengi. Vizidishi vilivyomo kwenye faili ni vya safu nzima ya hewa, pamoja na stratosfia. Ukitaka troposfia peke yake, inabidi uvizidishe kwa uwiano wa kigawanyi cha safu nzima kwa kigawanyi cha troposfia, halafu ukomee kwenye tabaka ambalo faili linalitaja kuwa mpaka. Ukiruka hatua hiyo, hesabu inakwenda bila kulalamika na inakupa majibu yanayoonekana ya busara. Njia ya kujikagua ni kuingiza mgawanyo wa zamani wa modeli: jibu lisipokuwa 1, simama hapo hapo.

Swali gumu ni mgawanyo mpya utoke wapi. Tulitumia modeli ya kikanda yenye visanduku vidogo, ya aina ya WRF-Chem, inayouona mji kuwa mji na ziwa kuwa ziwa. Lakini modeli hiyo nayo hulishwa orodha ya uzalishaji: magari mangapi, majenereta mangapi, taka ngapi zinachomwa. Orodha za Afrika zimejaa makadirio. Ukiilisha modeli magari mengi, itaweka gesi nyingi chini, masahihisho yatakuwa makubwa, na utadhani setilaiti imekuthibitishia orodha yako. Ni mzunguko, na hauvunjiki kwa kuufumbia macho. Kwa hiyo tuliendesha hesabu kwa orodha mbili zinazotofautiana na kuonyesha matokeo yote mawili. Mji ulipanda kwa zote mbili, ziwa likashuka kidogo kwa zote mbili. Ukubwa wa kupanda ndio uliotofautiana, nami niliandika hivyo kwenye ripoti bila kuchagua namba moja ya kupendeza.

Ukingo na matoleo

Baada ya masahihisho, kulikuwa bado na mstari uliofuata pwani ya ziwa kwa unadhifu wa kutilia shaka. Chanzo kilikuwa mwakisiko wa ardhi. Matoleo ya zamani ya data yalitumia ramani ya mwakisiko iliyotokana na kipimio cha OMI, kilichorushwa mwaka 2004, yenye visanduku vya nusu nyuzi, kama kilomita 55. Kisanduku kama hicho ukingoni mwa ziwa ni mchanganyiko wa maji na nchi kavu. Toleo 2.4, lililoanza kutumika Julai 2022, lilileta ramani ya mwakisiko iliyotengenezwa kwa data za TROPOMI yenyewe, visanduku vyake vikiwa vya kilomita 14 hivi. Baadaye data za tangu Aprili 2018 zilichakatwa upya kwa misingi hiyo.

Ramani ya injinia ilichanganya faili za matoleo tofauti. Hilo peke yake linaweza kuleta ongezeko au pungufu kati ya mwaka na mwaka ambalo halihusiani kabisa na magari. Yeyote anayetaka kusema hewa imeharibika au imetengemaa tangu 2018, achukue mfululizo uliochakatwa upya kwa toleo moja. Tulifanya hivyo, na mstari wa pwani ukalegea.

Mabaka ya kaskazini

Haya hayakuhitaji masahihisho makubwa, yalihitaji kusomwa. Desemba hadi Februari ni kiangazi kaskazini mwa Uganda, na nyasi zinachomwa kuanzia Acholi hadi ndani ya Sudan Kusini. Moto wa nyika unatoa dioksidi ya naitrojeni ya kweli. Sentinel-5P inafuatana na setilaiti ya Suomi NPP ikiwa nyuma yake kwa dakika chache, na Suomi NPP imebeba kipimio cha VIIRS kinachoona moto. Tuliweka nukta za moto juu ya ramani na mabaka yakapata chanzo chake. Kwa hiyo ramani haikusema uongo juu ya kaskazini, ila kulinganisha mwezi wa moto na mji wa magari bila kutaja moto ni kumpotosha msomaji. Tulitenga msimu wa kuchoma, tukachora miezi mingine peke yake. Moshi mzito pia unavuruga kigawanyi chenyewe, kwa hiyo namba za siku za moto mkali nisingezishika kwa nguvu hata kidogo.

Ambacho hakikurekebishika

Saa nane mchana haibadiliki. Foleni ya Kampala iko saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena jioni, wakati bodaboda na teksi zimebanana kutoka Nakawa hadi Natete. Setilaiti inafika mchana, tabaka la hewa limevimba kwa joto, na mwanga mkali umeshaivunja gesi nyingi, kwani mchana wa jua kali dioksidi ya naitrojeni hukaa saa chache tu. Hakuna hesabu ya vigawanyi itakayorudisha asubuhi isiyopimwa. Asia ina GEMS tangu 2020, Amerika Kaskazini ina TEMPO tangu 2023, na Ulaya ilirushiwa Sentinel-4 mwaka 2025. Hizo hutazama eneo moja saa baada ya saa. Uganda haimo kwenye eneo la hata moja kati ya hizo. Inaniuma kuliandika hili, kwa sababu miji inayokua haraka kuliko yote duniani iko huku.

Ukubwa wa pikseli nao una mwisho wake. Tangu Agosti 2019 pikseli moja ikiwa chini kabisa ya setilaiti ni kilomita 3.5 kwa 5.5, na pembeni mwa ukanda inapanuka zaidi. Kampala yote inaingia kwenye pikseli kama kumi. Paki ya zamani ya teksi na paki mpya ziko jirani, mtu anavuka kwa miguu. Kwa setilaiti hizo ni kitu kimoja.

Hapo ndipo ilibidi nimwambie injinia jambo ambalo hakulipenda. Ramani iliyosahihishwa ilionyesha mji ukisimama wazi juu ya mazingira yake, ziwa likiwa safi, na mkia wa gesi ukielekea kaskazini kufuata upepo. Hilo linatosha kuvunja hoja ya kwamba Kampala na ziwa ni sawa. Halitoshi kusema paki ipi ihamishwe, wala kwamba kuihamishia Namboole kutapunguza kitu. Setilaiti inapima safu nzima ya hewa, sio pua ya abiria.

Vipimio vya bei nafuu vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza mwaka 2015, vimetandaa mjini, lakini kazi yao kuu ni vumbi laini la PM2.5, na vumbi hilo lina vyanzo vingine, ukiwemo mkaa wa kupikia na uchomaji wa taka. Kuvitumia kuhakiki dioksidi ya naitrojeni ni kupima mizani ya sukari kwa futi kamba.

"Sasa kikaoni nipeleke nini?" aliuliza.

Alipeleka ramani tatu: ya gesi baada ya masahihisho ikiwa na matokeo ya orodha zote mbili, ya idadi ya siku, na ya msimu usio na moto. Chini ya kila moja niliandika saa ya kipimo kwa saa ya Kampala, toleo la data, na ukubwa wa pikseli. Pamoja nazo alipeleka ombi la mirija ya kunyonyea gesi, ile isiyotumia umeme, inayofungwa kwenye nguzo kwa wiki mbili hadi nne kisha ikapelekwa maabara. Ni nafuu, na inaweza kutofautisha nguzo na nguzo. Tulipendekeza ifungwe kwenye paki zote mbili, Nakawa, Wandegeya, na sehemu moja ya Ggaba karibu na maji, kwa misimu yote miwili ya mvua na yote miwili ya ukavu, kabla teksi hata moja haijahamishwa.